Kuwajibika na Kuwajibisha: Wajibu wa Mtu Binafsi katika Mgawanyiko wa Kisiasa wa Marekani

Utangulizi

Tarehe 22 Agosti 1996, Rais Bill Clinton wa Marekani alitia sahihi sheria iliyobadilisha kwa kina namna serikali ya nchi hiyo ilivyokuwa ikizisaidia familia maskini. Jina refu la sheria hiyo huanza kwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo Kiswahili chaweza kuyafasiri kama 'wajibu wa mtu binafsi'. Clinton alikuwa wa chama cha Democratic, ilhali bunge lililoipitisha lilitawaliwa na chama cha Republican. Majuma machache baadaye Peter Edelman, afisa wa ngazi ya juu katika wizara iliyosimamia misaada hiyo, alijiuzulu kwa kuipinga. Aliyetia sahihi na aliyejiuzulu walikuwa wa serikali moja, na kila mmoja wao angeweza kusema kwamba ametimiza wajibu wake.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi dhana ya wajibu wa mtu binafsi ilivyogeuka kuwa mojawapo ya mipaka inayowatenga Wamarekani kisiasa. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba Wamarekani hawagawanyiki baina ya wanaoamini kuwa mtu anapaswa kuwajibika na wale wasioamini hivyo. Kambi zote mbili huamini. Zinachotofautiana ni nani aanze kuulizwa, na nani apewe mamlaka ya kuuliza. Mzozo huu umeandikwa na kusomwa zaidi kwa Kiingereza. Hata hivyo, unaeleweka kwa urahisi zaidi ukitazamwa kwa jicho la Kiswahili, kwa kuwa lugha hii hutenganisha mambo ambayo Kiingereza huyafumbata katika neno moja.

Neno na Minyambuliko Yake

Neno la Kiingereza 'responsibility' hubeba maana kadhaa kwa pamoja. Maana ya kwanza ni kazi au mzigo ambao mtu anapaswa kuubeba. Hapa Kiswahili hutumia wajibu, jukumu au dhima. Maana ya pili ni hali ya kuwa chanzo cha jambo lililoharibika. Hapa Kiswahili huliacha neno wajibu na kuchukua lawama au, penye kosa la kisheria, hatia. Maana ya kwanza hutazama mbele na kuuliza ni nini kifanywe na nani akifanye. Maana ya pili hutazama nyuma na kuuliza nani alikosa. Mama aliyefiwa na mumewe ana wajibu wa kuwalea wanawe, lakini hakuna amlaumuye kwa kifo kile. Msemaji wa Kiswahili huiona tofauti hiyo papo hapo kwa kuwa maneno yenyewe ni mbalimbali. Katika Kiingereza, mwanasiasa aweza kuianza hotuba kwa maana ya kwanza na kuimaliza kwa maana ya pili pasipo kulibadilisha neno.

Minyambuliko ya kitenzi hufichua mengi zaidi. Neno wajibu, lenye asili ya Kiarabu, limezaa katika Kiswahili vitenzi kuwajibika, kuwajibisha na kuwajibishwa. Katika kuwajibika, mtajwa ndiye huyo huyo aubebaye mzigo. Ndiyo maana waziri anapojiuzulu kwa sababu ya kosa lililotendeka katika wizara yake husemwa kuwa amewajibika. Katika kuwajibisha, kiambishi cha usababishi humwingiza mtu wa pili: yupo anayetwika na yupo anayetwikwa. Kiini cha mgawanyiko wa Marekani kimo katika tofauti ya viambishi hivyo viwili. Wanasiasa wa nchi hiyo husifu kuwajibika, ambako ni tendo la mtu juu ya nafsi yake. Wanachokipigania bungeni na mahakamani, hata hivyo, aghalabu huwa ni kuwajibisha, yaani tendo la mtu juu ya mwenzake.

Chimbuko la Dhana

Pande zote mbili za mjadala zilikuwapo tangu mwanzo. John Winthrop, aliyewaongoza Wapuritani kuhamia Massachusetts mwaka wa 1630, aliwahubiria wenzake kwamba walikuwa viungo vya mwili mmoja, hivyo wabebeane mizigo. Zaidi ya karne moja baadaye, Benjamin Franklin alisisitiza upande wa pili. Katika kalenda aliyoanza kuichapisha mwaka wa 1732, na hatimaye katika kijitabu chake The Way to Wealth cha 1758, alikusanya semi fupi fupi zinazosifu bidii, kuweka akiba na kurauka mapema. Naye Ralph Waldo Emerson, katika insha yake ya 1841 iitwayo Self-Reliance, alifika hadi kuuliza iwapo maskini anaotakiwa kuwasaidia ni wake yeye.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na mvutano huu. Semi za Franklin zina ndugu zao katika Kiswahili: 'Ajizi nyumba ya njaa' na 'Mtegemea cha nduguye hufa maskini'. Mahubiri ya Winthrop nayo yanakaribiana na 'Mkono mmoja haulei mwana' na 'Mtu ni watu'. Waswahili hawakuona haja ya kuchagua kundi moja na kulitupa lingine. Kijana mvivu huambiwa ya kwanza, jirani mchoyo huambiwa ya pili, na mzee mmoja aweza kuzitamka zote mbili siku moja. Katika siasa za Marekani ni kana kwamba kila chama kimejitwalia nusu ya kamusi ya methali na kukataa kuisoma nusu iliyosalia.

Hata msemo maarufu zaidi wa Wamarekani kuhusu suala hili una historia ya kufunza. Husemwa kwamba mtu ajiinue kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe, yaani ajikwamue pasipo msaada. Katika karne ya 19 msemo huo ulitumiwa kwa dhihaka, kutaja jambo lisilowezekana, kwani hakuna awezaye kujinyanyua kutoka ardhini kwa kuvuta viatu alivyovivaa. Kadiri miaka ilivyopita dhihaka ilisahauliwa, na tendo lisilowezekana likageuka kuwa nasaha. Martin Luther King, akihubiri katika kanisa kuu la Washington mnamo Machi 1968, siku chache kabla ya kuuawa, alisema kuwa ni ukatili kumpa nasaha hiyo mtu asiye na viatu.

King alikuwa akiendeleza mjadala mkongwe miongoni mwa Wamarekani weusi. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, alitoa mara nyingi mhadhara kuhusu watu waliojijenga wenyewe. Alisifu bidii kuliko bahati. Papo hapo alikiri kwamba, kwa hakika, hakuna mtu aliyejijenga peke yake, na akadai kuwa mtu mweusi atendewe haki kabla ya kupimwa. Mwaka wa 1895 Booker T. Washington, katika hotuba yake ya Atlanta, aliwahimiza watu weusi kujishughulisha kwanza na kazi na ufundi. W. E. B. Du Bois alimjibu katika The Souls of Black Folk ya 1903. Hakukanusha haja ya watu weusi kujitahidi. Alichopinga ni kwamba mafundisho ya Washington yaliwapa weupe nafasi ya kuuhamishia mzigo wa taifa zima kwenye mabega ya weusi, kisha wakakaa kando kama watazamaji. Kwa istilahi za makala haya, Du Bois alikubali kuwajibika, akakataa kuwajibishwa na yule ambaye mwenyewe hakuwajibika.

Mwangwi wa mjadala huo ulisikika tena tarehe 15 Juni 2008, siku ambayo Wamarekani huwaadhimisha akina baba. Barack Obama, aliyekuwa akigombea urais, alihutubia katika kanisa moja la watu weusi jijini Chicago na kuwakemea wanaume wanaozitelekeza familia zao. Mwezi uliofuata kipaza sauti kilichosahauliwa wazi kilimnasa Jesse Jackson akilalamika kwamba Obama anawasimanga watu weusi. Baadaye Jackson aliomba radhi. Msomaji wa Kenya anajua jambo lililoipa hotuba ile uzito wa aina yake. Baba yake Obama, Mkenya, aliondoka mwanawe akiwa mdogo sana. Aliyekuwa akiwawajibisha wengine ndiye huyo huyo aliyewahi kuachwa.

Kutoka kwa Hoover hadi kwa Clinton

Mnamo Oktoba 1928 Herbert Hoover, akikaribia kuchaguliwa kuwa rais, alihutubia New York akisifu ubinafsi shupavu wa Wamarekani, yaani ile hali ya kila mtu kusimama kwa miguu yake mwenyewe pasipo kuingiliwa na serikali. Mwaka mmoja baadaye soko la hisa liliporomoka. Kufikia mwaka wa 1933 takriban robo ya wafanyakazi wa nchi hiyo hawakuwa na kazi. Ilikuwa vigumu kuendelea kusema kwamba mamilioni hao wote walikuwa wameingiwa na uvivu katika kipindi kimoja. Kutokana na hali hiyo, mnamo Agosti 1935, Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi sheria ya hifadhi ya jamii. Miongoni mwa vifungu vyake kulikuwa na msaada kwa watoto wa familia zilizokosa mlezi wa kuzikimu. Miaka 30 baadaye, Rais Lyndon Johnson, aliyekuwa ametangaza vita dhidi ya umaskini mwaka wa 1964, aliongeza mipango ya matibabu kwa wazee na maskini.

Upinzani haukukawia. Katika kampeni zake za 1976 za kutafuta tiketi ya chama cha Republican, Ronald Reagan alikuwa akisimulia kisa cha mwanamke mmoja wa Chicago aliyetumia majina mengi ya bandia kujipatia fedha za msaada. Kisa hicho kilikuwa na mtu halisi nyuma yake, ila kilikuwa cha nadra. Hata hivyo, kilienea, na katika fikra za wengi mwanamke huyo mmoja akawa sura ya kila apokeaye msaada. Clinton naye aligombea mwaka wa 1992 akiahidi kuukomesha utaratibu wa misaada kama ulivyokuwa ukijulikana.

Sheria ya 1996 ilitimiza ahadi hiyo. Ule mpango wa watoto uliozaliwa mwaka wa 1935 ulifutwa. Badala yake majimbo yalipewa mafungu maalum ya fedha. Ikaamriwa kuwa wazazi wengi wanaopokea msaada wafanye kazi au wajiandae kwa kazi, na kwamba kwa kawaida familia isipokee fedha za serikali kuu kwa zaidi ya miezi 60 katika maisha yote ya mzazi. Waliokuwa wakipokea msaada walipungua kutoka zaidi ya milioni 12 mwaka wa 1996 hadi chini ya milioni 7 mwaka wa 2000. Katika kipindi hicho umaskini wa watoto nao ulishuka kutoka takriban asilimia 20 hadi asilimia 16.

Takwimu hizi hazibishaniwi. Kinachobishaniwa ni tafsiri yake. Wanaoiunga mkono sheria husema kwamba akina mama walipotakiwa kuwajibika waliwajibika, na watoto wao wakafaidika. Wanaoipinga hukumbusha kwamba miaka hiyo uchumi ulinawiri mno, na kwamba ruzuku inayotolewa kupitia kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini ilikuwa imeongezwa mwaka wa 1993. Huongeza kwamba kupungua kwa majina katika daftari la msaada si sawa na kupungua kwa njaa. Mjadala huo haujafungwa. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 ilipitisha sharti la kazi, au shughuli nyingine zinazokubalika, za saa 80 kwa mwezi kwa baadhi ya watu wazima wanaotibiwa kupitia mpango wa Medicaid, lianze kutekelezwa kwa kawaida kufikia mwanzo wa mwaka wa 2027. Watetezi wakaliita sharti hilo heshima ya kazi. Wapinzani wakasema wagonjwa wengi watapoteza matibabu kwa kushindwa na makaratasi, wala si kwa kukataa kazi.

Wajibu wa Walio Juu

Hadi hapa wanaoulizwa ni maskini. Msukosuko wa fedha wa 2008 uliligeuza swali. Benki ya Lehman Brothers ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008, na mapema Oktoba Rais George W. Bush akatia sahihi sheria iliyoidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa mfumo wa fedha. Mamilioni ya wananchi walikuwa wakishindwa kulipia mikopo ya nyumba. Nani alikuwa amekosa: aliyekopa asichoweza kulipa, au aliyemkopesha huku akijua?

Majibu yalizaa vuguvugu mbili. Mnamo Februari 2009 mtangazaji wa habari za biashara, Rick Santelli, alilipuka hewani akiwa Chicago, akihoji kwa nini raia waaminifu walipie mikopo ya jirani zao wasiolipa. Hasira hiyo ilisaidia kuliwasha vuguvugu la Tea Party la mrengo wa kulia. Mnamo Septemba 2011 vijana walipiga kambi katika bustani moja karibu na Wall Street, New York, wakihoji kwa nini mabenki yaliyoponzwa na tamaa yaokolewe ilhali wenye nyumba wanafukuzwa. Hilo lilikuwa la mrengo wa kushoto. Makundi hayo hayakupendana, lakini hoja yao ya msingi ilikuwa moja: aliyekosa asimtwike asiyekosa gharama. Tofauti ilikuwa jina la mkosaji.

Hali ni ile ile wakosaji wanapokuwa ni wa nyumbani. Tarehe 1 Desemba 2024 Rais Joe Biden alimsamehe mwanawe Hunter makosa ya jinai, ilhali awali alikuwa amesema kwamba hangefanya hivyo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump aliwasamehe au kuwapunguzia adhabu watu wapatao 1,500 walioshtakiwa kutokana na uvamizi wa bunge wa tarehe 6 Januari 2021. Matukio hayo mawili hayalingani kwa ukubwa wala kwa aina. Hata hivyo, kila kambi iliuona msamaha wa upande wa pili kuwa ukwepaji wa wajibu, na wengi katika kila kambi waliueleza ule wa upande wao kuwa kinga dhidi ya mashtaka ya kisiasa. 'Nyani haoni kundule' ni methali fupi, lakini inatosha kuwa kichwa cha sura nzima ya historia hii.

Dhana Moja, Kambi Mbili

Iwapo wajibu wa mtu binafsi ungekuwa itikadi ya chama kimoja, usingehama. Historia ya bima ya afya inaonyesha kwamba ulihama. Tangu mwaka wa 1986 sheria imezilazimu hospitali nyingi za Marekani kumhudumia mgonjwa wa dharura hata kama hana fedha. Kwa hivyo, asiye na bima akigongwa na gari hutibiwa, na gharama yake huishia kubebwa na wengine. Mwaka wa 1989 Heritage Foundation, taasisi ya wahafidhina, ilipendekeza kila familia itakiwe kuwa na bima: anayeweza kulipa asiwategee wenzake. Mwaka wa 2006 Mitt Romney, gavana wa Massachusetts kwa tiketi ya Republican, alitia sahihi sheria ya jimbo yenye sharti la namna hiyo, naye alilitetea kwa jina la wajibu wa mtu binafsi.

Miaka minne baadaye Rais Obama aliliweka sharti kama hilo katika sheria yake ya afya ya Machi 2010. Sehemu inayolihusu ilipewa kichwa cha wajibu wa mtu binafsi, chini ya kichwa kikubwa zaidi cha wajibu wa pamoja. Hakuna mbunge hata mmoja wa Republican aliyeipigia kura ya mwisho ya kuikubali. Kilichokuwa kuwajibika sasa kiliitwa kulazimishwa. Wakati huo huo wengi katika chama cha Democratic, ambao hapo awali hawakuwa na hamu na sharti hilo, waligeuka kuwa watetezi wake. Mahakama ya Juu ililiidhinisha mnamo Juni 2012 kwa kura 5 dhidi ya 4, ikilihesabu kuwa aina ya kodi. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 ikaishusha faini yake hadi sufuri kuanzia mwaka wa 2019.

Maradhi ya korona yaliyageuza maneno kwa mara nyingine. Kristi Noem, aliyekuwa gavana wa South Dakota, alikataa kuwaamuru wakazi wavae barakoa, akisema suala hilo ni la wajibu wa kila mtu. Wapinzani wake walijibu kwa neno lile lile: barakoa humkinga jirani, kwa hivyo kuivaa ndiko kuwajibika. Baadhi ya waliopinga barakoa na chanjo waliazima hata kaulimbiu ya watetezi wa haki ya kutoa mimba, kwamba mwili ni wangu na uamuzi ni wangu. Kufikia Mei 2022 Wamarekani zaidi ya milioni moja walikuwa wamefariki kwa ugonjwa huo. Haya yalikuwa mabishano ya maneno, lakini waliozikwa hawakuwa maneno.

Usimulizi na Lawama

Kwa nini mtu mmoja amwonapo maskini huona kosa la maskini, na mwingine huona kosa la jamii? Sehemu ya jibu inamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa fasihi. Mtaalamu wa mawasiliano ya kisiasa, Shanto Iyengar, alichapisha mwaka wa 1991 kitabu Is Anyone Responsible?, kilichoripoti majaribio kuhusu habari za televisheni. Aligundua, hususan katika suala la umaskini, kwamba habari ikisimuliwa kupitia kisa cha mtu mmoja, watazamaji huelekea kumtwika mtu huyo lawama. Ikisimuliwa kwa upana, pamoja na takwimu na mazingira, huelekea kuilaumu jamii na serikali. Jambo hili ni kinyume cha matarajio ya wengi. Mwandishi anaweza kumchora mhusika maskini ili aamshe huruma, akaambulia lawama. Kile kisa cha Reagan cha mwanamke wa Chicago kinaeleweka vyema kwa mwanga huo: ufaafu wake kisiasa ulitokana na umbo lake la kisimulizi.

John Steinbeck alikuwa ameukabili mtihani huu nusu karne kabla ya majaribio hayo. Riwaya yake The Grapes of Wrath, iliyotoka mwaka wa 1939, inasimulia safari ya familia ya akina Joad kutoka Oklahoma hadi California baada ya kupoteza ardhi yao. Sura zinazoisimulia familia hiyo zinapishana na sura fupi zisizo na mhusika maalum, zinazoeleza ukame, mabenki, matrekta na barabara zilizojaa wahamiaji. Msomaji hapewi nafasi ya kudhani kuwa akina Joad ni wakosefu wa pekee, wala hapewi nafasi ya kuwasahau akina Joad katikati ya takwimu. Katika mojawapo ya sura hizo mkulima anayebomolewa nyumba anataka kujua ampige nani risasi. Dereva wa trekta anamwambia kwamba ametumwa, aliyemtuma naye ametumwa na benki, na benki nayo ina wakubwa wake huko mashariki. Lawama inapanda ngazi hadi inapotea.

Arthur Miller alilitazama tatizo hilo kutoka upande wa pili. Katika tamthilia yake All My Sons ya 1947, mwenye kiwanda Joe Keller aliruhusu vipuri vyenye nyufa vya injini za ndege vipelekwe vitani. Marubani 21 walikufa. Keller alimwachia mshirika wake kifungo, akarejea nyumbani na kuheshimiwa na majirani. Anaposutwa hujitetea kwamba alifanya hayo kwa ajili ya familia, na kwamba vitani kila mtu alikuwa akifanya biashara. Katika Steinbeck mfumo unajificha nyuma ya watu wadogo; katika Miller mtu anajificha nyuma ya mfumo. Jina la tamthilia linabeba jibu ambalo Keller analitambua akiwa amechelewa: wale marubani nao walikuwa wanawe.

Kazi hizi mbili zikisomwa pamoja hufunza jambo ambalo hotuba za kampeni hukwepa. Kutaja mfumo si lazima kuwe kumwondolea mtu wajibu. Aidha, kumtaja mtu si lazima kuwe kuusafisha mfumo. Keller ana hatia hata kama vita vilikuwa na biashara zake. Akina Joad wana wajibu wa kulishana njiani hata kama ukame na benki si kosa lao.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mgawanyiko wa Wamarekani juu ya wajibu wa mtu binafsi hautokani na upande mmoja kuupenda wajibu na mwingine kuuchukia. Umetokana na mambo matatu yanayoshikamana: neno moja linalobeba wajibu na lawama kwa pamoja, historia ambamo walionyimwa viatu waliambiwa wajivute kwa viatu, na mazoea ya kila kambi kuwawajibisha wa upande wa pili huku ikiwastahi wa kwake. Ndiyo maana sera moja, kama ile ya bima, imeweza kuitwa kuwajibika na kulazimishwa, kutegemea ni nani aliyeileta mezani.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina manufaa ya karibu. Habari za siasa za Marekani hutafsiriwa kila siku kwa ajili ya redio na magazeti ya Afrika Mashariki, na maneno hayo mawili ya Kiingereza hujitokeza mara kwa mara. Mtafsiri akiandika wajibu mahali pote, atakuwa ametoa neno sahihi la kamusi na kuificha hoja. Hana budi kuuliza kwanza: msemaji anataja kazi ya kesho au kosa la jana? Anautwaa mzigo au anautua juu ya bega la mwingine? Mama aliyebakiza mwezi mmoja katika ile miezi 60 yake anajua jibu kabla ya mtafsiri, kwa kuwa mzigo wenyewe umo mabegani mwake.